Nilifika Uhuru Kilimanjaro. Mlima wa mita 1,380 jangwani utanishinda?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Adelaide, Australia, nafanya kazi ya ofisini. Desemba hii mama yangu anakuja kututembelea. Ana miaka 67 na anatumia dawa za presha. Tumepanga turuke hadi Alice Springs, tukodi gari dogo, kisha usiku mmoja mimi na mke wangu tupande Mount Sonder ili tuone jua likichomoza tukiwa juu. Mama atatusubiri kwenye gari pale chini. Baada ya hapo tuelekee Uluru, lile jabali kubwa jekundu, kwa kupitia barabara ya Mereenie, na Uluru nayo tuipande. Nikiwa chuo nilifika Uhuru Kilimanjaro, na joto mimi nimezaliwa nalo, kwa hiyo mita 1,380 hazinitishi. Lakini jamaa mmoja kazini anasema nimerukwa na akili. Mwingine anasema chupa mbili za maji kwa kila mtu zinatosha, na gari likiharibika tutembee tu hadi shamba lililo karibu. Nimsikilize nani?"

Marahaba ndugu yangu, na mama mfikishie shikamoo zangu.

Naona unauliza mambo mawili kwa pamoja: kama mlima huo ni mgumu, na kama watu wanakutisha bure. Mlima wenyewe si mgumu. Mtu mwenye afya ya kawaida na viatu vizuri anaupanda na kushuka. Lakini Desemba msiupande, na mama asibaki kwenye gari, mwezi wowote. Huyo jamaa wa kwanza amekosa adabu kidogo tu. Ushauri wake ni sahihi. Wa pili mshukuru kwa nia njema, kisha usifuate hata neno moja, hasa lile la kutembea hadi shambani.

Ningeweza kuishia hapo, ila najua mtu aliyekwisha kununua tiketi kichwani hakubali "usiende" isiyo na maelezo. Basi tukae tuzungumze.

Mount Sonder, ambao Waarrernte wa Magharibi, wenyeji wa nchi ile, wanauita Rwetyepme, uko kwenye safu ya MacDonnell ya Magharibi, kama kilomita 150 na ushei kutoka Alice Springs. Una mita 1,380 juu ya usawa wa bahari, wa nne kwa urefu katika jimbo la Northern Territory. Njia inaanzia Redbank Gorge na ni kipande cha mwisho cha Larapinta Trail, ile njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 220 inayoanzia nje kidogo ya Alice Springs. Kwenda na kurudi ni kilomita 16, na unapanda kiasi cha mita 700. Wengi hutumia saa sita hadi nane. Hapo njia inapoishia, kwenye sehemu ya kutazamia mandhari, si kilele halisi. Chenyewe kiko ng'ambo ya bonde dogo, na njia haifiki huko. Wala huhitaji kufika. Ukisimama pale unaiona Mount Zeil, mita 1,531, mrefu kuliko yote katika jimbo, na upande wa kusini-magharibi unaiona Tnorala, duara la vilima lililoachwa na kimondo au nyotamkia iliyoipiga ardhi miaka milioni 142 hivi iliyopita. Sikulaumu kwa kupatamani.

Sasa tuzungumzie Kilimanjaro, maana nadhani ndiyo inayokudanganya. Uhuru ni mita 5,895, na ulifika. Hongera, wengi hugeuka njiani. Lakini hebu kumbuka ulifikaje. Ulikuwa na kiongozi, kwa sababu sheria ya hifadhi haikuruhusu kwenda bila yeye. Mizigo yako ilibebwa na wapagazi. Kambini ulikuta maji yameshachemshwa na chai iko mezani. Ungeishiwa nguvu, yupo wa kukushika mkono na kukushusha. Rwetyepme hakuna hata kimoja cha hivyo. Hakuna anayekuuliza langoni kama umejiandaa, na mwishoni mwa Desemba unaweza kushinda mlima mzima bila kuona mtu.

Lipo kubwa zaidi. Kwenye Kilimanjaro hatari inaongezeka kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa inapungua, na dawa yake kila mpagazi anaijua: shuka. Ukishuka mita elfu moja, kichwa kinaanza kupoa. Kwenye mlima wa jangwani hatari haifuati mwinuko, inafuata saa. Jua likishatoka, kila nusu saa inayopita ni mbaya kuliko iliyotangulia, na ukishuka unakwenda kwenye joto zaidi, kwa sababu bondeni upepo haufiki na mawe yameanza kuwaka. Ile silika uliyojifunza Kilimanjaro, kwamba mambo yakiharibika nitashuka na yatatengenea, hapa haikusaidii kitu.

Njoo kwenye "joto nimezaliwa nalo". Nalisikia sana kutoka kwa watu wetu wa pwani, na lina ukweli nusu. Mwili ukifanya kazi kwenye joto kila siku kwa wiki moja hadi mbili, unajirekebisha: unaanza kutoa jasho mapema, unatoa jasho jingi, na jasho lenyewe linakuwa na chumvi kidogo. Huko ndiko kuzoea. Lakini mazoea hayo hayakai mwilini kwa sababu ulizaliwa Tanga. Yanaondoka ndani ya wiki chache ukiacha kukutana na joto. Wewe umekaa Adelaide, ofisini, chini ya kiyoyozi. Mwili wako wa Desemba hii ni wa mtu wa Adelaide, hata kama kichwa bado kiko Ngamiani, kwenu Tanga.

Halafu joto la Tanga na joto la Alice Springs ni vitu viwili. Mwili hupoteza joto kwa njia kadhaa, na iliyo kubwa wakati wa kazi ni jasho kukauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa karibu kilokalori 580 za joto, kiasi kikubwa sana. Lile linalodondoka chini halikupoozi. Kwa hiyo Tanga, hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho linatiririka, shati linaloana, unajua kabisa kwamba unapoteza maji na unatafuta kivuli. Jangwani hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona. Ngozi inabaki kavu, unahisi uko sawa, na huku unapoteza lita nzima kwa saa, wakati mwingine zaidi. Dalili pekee ni ukungu wa chumvi kwenye mabega ya shati. Watu wa pwani wamezoea kupima joto kwa jasho wanaloliona, na kipimo hicho huko hakifanyi kazi.

Sasa ongeza hili. Ngozi ya binadamu ina nyuzi kama 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, mwili unaitolea hewa joto. Hewa ikipita hapo, mkondo unageuka na hewa ndiyo inayokuongezea wewe joto, na upepo badala ya kukuburudisha unakupiga kwa joto zaidi. Wastani wa juu wa mchana Alice Springs mwezi Januari ni karibu nyuzi 36, na huo ni wastani tu; siku za nyuzi 40 na zaidi ni za kawaida kiangazi, na mwishoni mwa Desemba hali ni hiyo hiyo. Mtu anayepanda mlima na mkoba mgongoni anazalisha joto mara tano au zaidi ya anayepumzika. Chini yako kuna mawe ya kwatsaiti yanayolishika jua na kulirudisha juu. Njia pekee ya kutoa joto hilo lote inabaki kuwa jasho, na jasho linataka maji uliyobeba mwenyewe.

Ndiyo maana zile chupa mbili ni utani. Kwa matembezi ya joto kali hesabu lita moja kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea. Saa saba ni lita saba, kilo saba mgongoni, kwa kila mmoja wenu. Majira ya baridi lita tatu hadi nne kwa siku nzima zinatosha wengi. Na msinywe maji matupu tu kwa saa nyingi mkidhani yakizidi hayana neno. Mtu anayetokwa jasho sana na kujaza maji matupu bila kula anaweza kushusha chumvi ya damu hadi akachanganyikiwa, akatapika, hata akapata degedege. Tafuneni karanga za chumvi, kuleni chakula halisi, wekeni pakiti mbili tatu za ORS kwenye mkoba. Dukani huko zinapatikana bila cheti.

Utaniambia: lakini sisi tunapanda usiku, tatizo liko wapi? Ni swali zuri, na wapo wanaofanya hivyo kiangazi. Tupige hesabu. Mwishoni mwa Desemba jua la Alice Springs huchomoza kabla kidogo ya saa 12 asubuhi. Muwe juu wakati huo, lazima muanze kutembea saa 8 usiku, maana yake kuondoka hotelini kabla ya saa 6. Mkae juu nusu saa, mpige picha, mwanze kushuka. Kila kitu kikienda sawa, saa 3 asubuhi mko chini, mmechoka, hamkulala, joto limeshapita nyuzi 30, lakini mko salama. Mpango huo haujakosea kwa mwendo. Umekosea kwa sababu hauna nafasi ya jambo moja tu kuharibika. Mkeo akitegua mguu kilomita tano kutoka garini, njia ile ni mawe tupu na haina kivuli. Mtu wa mguu mmoja anatembea labda kilomita moja kwa saa. Saa 6 mchana itawakuta bado njiani, maji yamekwisha. Majira ya baridi ajali hiyo hiyo ni hadithi ya kusimulia jioni. Desemba ni msiba. Mimi siangalii safari ikienda vizuri itakuwaje, naangalia mguu uliotegukia mahali pabaya, na kwa kipimo hicho Desemba inafeli.

Na mama? Hapa niwe mkali kidogo, unisamehe. Usimwache mama wa miaka 67 peke yake kwenye gari, usiku, kwenye maegesho yasiyo na mtandao, akiwasubiri kwa saa saba. Kwanza hata akiona mmechelewa hana namna ya kumpigia mtu. Pili jua likitoka, gari lililofungwa linapanda joto kuliko nje ndani ya dakika chache, na akiwasha injini ili apate kiyoyozi atakuwa anachoma mafuta ya kurudia. Tatu ni zile dawa. Baadhi ya dawa za presha ni za kukojoza, yaani zinatoa maji na chumvi mwilini kwa makusudi. Nyingine zinauzuia moyo usiende mbio, na moyo kwenda mbio ndivyo mwili unavyopeleka damu kwenye ngozi ili ipoe. Nyingine zinagusa figo, ambazo mtu akikaukiwa ndizo za kwanza kulia. Juu ya hayo, umri ukipanda kiu hupungua. Mzee anaweza kuhitaji maji na asiyatamani. Simaanishi mama asije jangwani. Aje, lakini asiachwe. Wala asiache dawa zake kwa sababu mimi nimezisema vibaya hapa. Daktari wake ndiye wa kupanga hilo, nitalirudia chini.

Tuje kwenye gari. Lami ya Namatjira Drive inakufikisha vizuri hadi njia panda ya Redbank. Kutoka hapo hadi maegesho ni kama kilomita tano za vumbi na mawe, na gari dogo la chini linaweza kugonga tumbo. Soma mkataba wa kukodi kabla ya kusaini: mingi inakataza barabara isiyo na lami, na mingi inafuta bima ukiendesha usiku nje ya mji. Safari yenu ilikuwa inavunja masharti yote mawili kabla hamjavaa viatu. Sharti la usiku si ukorofi wa wenye magari. Gizani kangaruu wanatoka porini, ng'ombe wanalala kwenye lami iliyobaki na joto la mchana, na ngamia nao wapo. Ngamia wa Australia, kama hukujua, waliletwa karne ya 19 pamoja na wachunga ngamia Waislamu kutoka pande za Afghanistan na India, kisha magari yalipokuja wakaachiwa porini wakazaana. Kumgonga ngamia kwa mwendo wa kilomita 110 ni kumwangusha juu ya kioo cha mbele. Angalau kushika upande wa kushoto hamtahitaji kujifunza upya.

Mereenie iacheni. Ni barabara inayozunguka kutoka Hermannsburg hadi Kings Canyon ikipita katika ardhi ya wenyeji, na inahitaji kibali, ambacho si shida kukipata. Shida ni barabara yenyewe: vipande vya vumbi vyenye mawimbi kama bati la paa, vinavyotikisa gari hadi boliti zinalegea na tairi zinapasuka, na gari dogo la kukodi halina ruhusa ya kuwa huko. Nendeni Uluru kwa lami. Ni kilomita 200 kusini kwa Stuart Highway hadi Erldunda, kisha kama 245 magharibi kwa Lasseter Highway. Mkikutana na lori linalovuta matela matatu au manne, urefu wa mita 53, msiling'ang'anie kulipita. Kaeni nyuma hadi muone mbele kweupe kwa mbali sana.

Na lile la kutembea hadi shamba la karibu, tafadhali lifute kabisa kichwani. Neno shamba linakupa picha ya Muheza. Curtin Springs, ranchi ya ng'ombe mnayoipita mkielekea Uluru, ina zaidi ya kilomita za mraba 4,000. Unguja inaingia humo mara mbili na nafasi inabaki. Taa unayoiona usiku inaweza kuwa mbali kuliko miguu yako itakavyofika, na ramani ya simu haikwambii kama nyumba iliyochorwa ina mtu. Gari likiharibika, kaeni na gari. Fungueni boneti iwe ishara, tandikeni kivuli pembeni mwake, laleni kivulini, subirini. Anayelala kivulini hutumia maji kidogo sana kuliko anayetembea juani, na rubani anayewatafuta ataona gari kabla hajaona binadamu. Mara nyingi wanaotafuta hulikuta gari mapema. Anayechelewa kupatikana ni yule aliyeliacha. Kwenye lami ya Uluru magari yanapita kila siku, hata Desemba, hivyo huko hofu isizidi. Wekeni lita 20 za maji kwenye buti, spea iliyojazwa upepo, na msiondoke mjini na tanki nusu.

Simu haishiki sehemu kubwa ya Namatjira Drive. Kifaa cha kuiita ndege kwa setilaiti, wenyewe wanakiita PLB, ni kidogo kuliko pakiti ya majani ya chai na kinakodishwa. Ukikinunua, unakisajili bure kwa mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia, ambayo ndiyo inayopokea ishara hata ukiwa jangwani. Simu mpya za iPhone nazo zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, ila jifunze namna yake nyumbani, kabla ya kuihitaji. Namba ya dharura ni 000. Na mtu mmoja abaki mjini akijua mmekwenda wapi, mtarudi saa ngapi, na ampigie nani msiporudi. Hilo halina gharama, na ndilo watu wanalolisahau kuliko yote.

Basi Desemba mfanye nini? Yapo mengi, na mama atayafurahia kuliko giza la maegesho. Karibu kilomita 135 kutoka Alice Springs, mbele kidogo ya korongo la Glen Helen, kando ya lami, pana kituo kinachoitwa Mount Sonder Lookout. Unashuka garini na mlima wote uko mbele yako ng'ambo ya mto Finke, ukiwa na lile umbo wanalosema ni la mwanamke mjamzito aliyelala chali. Albert Namatjira, mchoraji mkubwa wa Kiarrernte aliyezaliwa 1902, aliuchora mlima huu mara nyingi, na hakuhitaji kuwa kileleni. Nuru ya asubuhi inaupiga vizuri, lakini kwa kuwa hamtaendesha usiku, ondokeni mjini kunapopambazuka. Mtafika jua halijawa kali. Mkirudi pitieni Ormiston Gorge, mama akae kwenye kivuli karibu na maji, na ikipita saa 5 muwe mnarudi mjini kwenye kiyoyozi. Njiani mkitoka mjini, kando ya Larapinta Drive, mtaona kaburi la John Flynn, mchungaji aliyeanzisha madaktari wa ndege mwaka 1928, miaka karibu 30 kabla ya wale wa AMREF tunaowajua sisi. Kituo chao Alice Springs bado kinafanya kazi. Afadhali mkizuru kaburi kuliko kuwaita wao.

Kiangazi pia ni msimu wa mvua za ghafla. Finke unaweza kuwa mchanga mtupu leo na kesho maji yamefunika barabara. Mkikuta maji yanapita juu ya lami, geukeni, hata mkiona gari la mbele limepita.

Mkitaka kilele, rudini kati ya Mei na Agosti. Julai mchana ni nyuzi 20 hivi, hewa safi, na watu wapo njiani. Jua linachomoza yapata saa 1 na robo, kwa hiyo mnaweza kuanza saa 10 alfajiri. Safari hiyo laleni kambini Redbank usiku wa kuamkia, mje na gari lenye ruhusa ya vumbi, na lile la kuendesha gizani litakuwa limekwisha. Ila chukueni makoti. Alfajiri ya Julai hushuka hadi sifuri au chini yake, na kule juu upepo hauna adabu. Wanaokwenda na fulana kwa kuwa wamesikia jangwa wanatetemeka hadi wanashindwa kushika kamera. Nyinyi si wakazi wa Northern Territory, kwa hiyo kateni pasi ya hifadhi mtandaoni, na siku moja kabla muwaulize askari wa hifadhi au ofisi ya wageni mjini hali ya njia. Wakisema imefungwa, imefungwa.

Uluru haipandwi tena. Njia ya kupanda ilifungwa tarehe 26 Oktoba 2019, kwa ombi la siku nyingi la Waanangu, wenye mahali hapo. Unaizunguka kwa chini, na asubuhi na mapema mama anaweza kutembea kipande kifupi cha tambarare. Jirani yake, kwenye vilima vya Kata Tjuta, kuna sehemu ya kutazamia iitwayo Karu Lookout kwenye njia ya miguu ya Valley of the Winds. Utabiri ukifika nyuzi 36, njia inafungwa kuanzia hapo saa 5 asubuhi. Hiyo ni hifadhi yenye askari, magari na redio, nao wameona nyuzi 36 zatosha kuzuia watu. Mkielekea huko mtauona mlima mpana wenye kichwa bapa upande wa kushoto, na mama atapiga makofi akidhani mmefika. Huo ni Mount Conner, kwa wenyeji Atila. Simameni kwenye kituo cha kando ya barabara mpige picha; mlima wenyewe uko ndani ya ranchi ya watu na huendi huko bila ziara yao. Na kila mmoja awe na wavu wa uso. Nzi wa kule hawajui haya.

Sasa dalili, ili mjuane. Mtu akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, misuli kukaza, kizunguzungu, huo ni uchovu wa joto: mlaze kivulini, mvue viatu na nguo nzito, mmwagie maji, mpepee, anywe kidogo kidogo. Nusu saa asipopata nafuu, tafuteni msaada. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuwa mkali bila sababu, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto na ubongo unaungua. Usisubiri, na usimpe Panadol. Panadol hushusha homa kwa kurekebisha kipimo cha joto cha ubongo, na hapa kipimo hakina kosa, mwili ndio umezidiwa. Bonyeza kifaa, piga 000, na anza kumpooza pale pale kwa maji yote mliyonayo huku mkimpepea bila kuacha. Hewa kavu iliyokuwa adui sasa inakusaidia, maji yanakauka haraka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Mpooze kwanza, kumsafirisha kufuate. Asiye na fahamu usimnyweshe kitu. Na hata kama mmerudi salama, mtu akikojoa mkojo wa rangi ya Coca-Cola siku hiyo au ya pili yake, aende hospitali ya Alice Springs mara moja, maana misuli imeharibika na figo ziko hatarini.

Kabla ya kulipia tiketi, mama aende kwa daktari wake Tanga akiwa na dawa zake zote mkononi, aulize mambo matatu: kama mojawapo ni ya kukojoza au inazuia moyo kwenda mbio, afanye nini siku akitapika au kuharisha kwenye joto, na kama ana ruhusa ya kuongeza chumvi au kutumia ORS. Kama ana kisukari na anatumia insulini, aulize pia namna ya kuihifadhi, kwani joto la garini linaiharibu bila kubadili rangi yake. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na majina halisi ya dawa na vipimo, nawe ubaki na nakala. Kama daktari atasema mwezi Desemba ni mzito kwake, mwulizeni Julai ikoje, na tarehe za tiketi zipangwe baada ya jibu hilo.